Chumba cha Mlango wa Kioo

"Kohoa bwana, kohoa sana," Meneja aliomba kimoyomoyo, macho ameyakaza kwenye kitanda cha jirani.

Na muuza mkaa alikohoa kweli, mpaka blanketi likamdondoka. Siku nyingine Meneja angemtukana. Tangu walazwe pamoja alishamwambia azibe mdomo, ahamie barazani, akafie kwao. Leo kikohozi hicho hicho alikiona mali.

Umeneja wenyewe ulikuwa wa ghala la sabuni, na alishastaafu zamani, lakini ukimwita kwa jina lake hageuki. Aliteleza bafuni akavunjika mguu, akaletwa hospitali kama binadamu wengine, akalazwa katikati ya watu. Mguu ulimuuma, ila hilo la kulazwa na watu ndilo lililomnyima usingizi. Basi ikawa kutwa kugomba: shuka chafu, uji maji matupu, nesi mzito kama gunia. Aligomba mpaka sauti ikamkauka, na bado hakunyamaza.

Kisa kilianzia kwenye simu. Mwanawe alikuwa ameposa, na wakwe wenyewe ni watu wa kujiona. Baba wa binti alipopiga kumpa pole, Meneja akajitutumua palepale.

"Ah, mimi nina chumba changu, bwana! Choo ndani, televisheni, mlango wa kioo. Nilale na makabwela, mimi?"

"Basi leo tunakuja kukuona," mkwe akajibu. "Hata mama yangu anakuja. Kifua kinamsumbua sana, lakini amekataa kubaki nyumbani."

Haya sasa. Chumba cha mlango wa kioo kilikuwepo kweli, kule mwisho wa korido, lakini hakikuwa cha wenye vyeo. Kilikuwa cha mgonjwa atakayekutwa na virusi vya mafua makali yaliyokuwa yakizagaa hospitalini, na asubuhi hiyo wodi nzima ilikuwa ikipimwa. Meneja akapiga mahesabu yake. Wageni wangesimama nje ya kioo, wangeiona televisheni, wangempungia mkono, wangekwenda zao. Kuumwa mafua si aibu. Aibu ni kuonekana ubavuni mwa muuza mkaa.

Nesi akafika na vile vipimo vya kutoa majibu palepale kitandani. Alimchokonoa Meneja puani kwa kijiti cha pamba. Meneja akapiga chafya kubwa na kumlaumu nesi kwa chafya hiyo. Akamchokonoa na muuza mkaa. Kisha akadondosha matone kwenye vipimo viwili vidogo vya plastiki na kuviweka juu ya kabati lililokuwa katikati ya vitanda vyao.

"Cha upande huu chako, baba. Cha upande ule cha mwenzako. Mstari mmoja, huna kitu. Miwili, unavyo virusi. Msiviguse, narudi sasa hivi."

"Mimi hiki ni kikohozi cha vumbi tu, sista," alisema muuza mkaa. "Nimezeeka nacho, kazi ya mkaa ndiyo hiyo."

"Nyamaza wewe! Udaktari umeusomea wapi?" Meneja akamkatiza. Leo asingekubali mtu akitie dosari kile kikohozi.

Muuza mkaa akaona isiwe taabu, akageukia ukutani. Nesi naye aliitwa kitanda cha mbali. Meneja hata hakungoja mistari ianze kutokea. Alinyoosha mkono, cha huku akakipeleka kule, cha kule akakileta huku. Akajilaza chali na kuvuta blanketi mpaka kidevuni, jasho linamtoka na huku anasikia baridi. Ni wasiwasi tu, alijiambia, utapita.

Punde wageni wakatokea mlangoni mwa wodi. Mkwe alikuwa ndani ya suti, amemshika mkono mama yake, kikongwe mwembamba anayehema kwa tabu. Nesi akawazuia hapo hapo.

"Huyu bibi namwingizaje kabla ya majibu? Kwa kifua hiki virusi hivi vitamuua. Ngojeni hapo."

Meneja aliyasikia yote, akafurahi. Wangoje tu, watamkuta kwenye kioo.

Nesi alikuja kabatini, akainua kipimo cha upande wa Meneja kwenye mwanga, kisha kile cha pili.

"Hongera, baba, wewe huna kitu," akasema. Akamgeukia muuza mkaa. "Pole, mzee. Wewe mistari miwili, tena imekolea kabisa. Unahamia chumba cha mwisho, na dawa unaanza leo hii."

"Mimi?" Muuza mkaa alishangaa, lakini kiti cha magurudumu kilikuwa kimeshafika.

"Sista, hebu angalia tena," Meneja alisema kwa sauti ya kukwaruza, macho kwenye kipimo alichokipeleka kule kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimeangalia, baba. Makubwa! Mtu anaambiwa mzima ananuna?" Nesi akawapungia wageni mkono. "Ingieni. Bibi usiogope, huyu kapimwa sasa hivi, kaa naye karibu kabisa."

Mkwe aliingia akiangaza macho: vitanda vilivyobanana, ndoo, nguo zinazoning'inia madirishani.

"Chumba changu wanakipiga dawa," Meneja akawahi kusema. "Nimejishikiza hapa kidogo tu."

Kikongwe alikuwa ameshafika kitandani, anahema, anatafuta mahali pa kukaa. Akamwinamia Meneja mpaka nyuso zikakaribiana. "Pole sana, baba. Niambie, unajisikiaje?"

Meneja alimtazama yeye, akamtazama mkwe, akaitazama ile suti.

"Mzima kabisa, mama," akasema, akausogeza mguu wake wa plasta kumpa nafasi. "Kaa hapa, sogea karibu."