Barua Mbili za Posa

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiposa kwa barua, Nungunungu alimpenda binti wa Mama Kalunguyeye mpaka akakosa hamu ya mihogo. Alikuwa na haya, hivyo yote ya moyoni aliyaandika. Kisha akamwomba Ngedere, mwenye hati nzuri, amsahihishie.

Ngedere alimrudishia barua yake, lakini alibaki na nakala aliyoitia jina lake mwenyewe.

Siku ya posa, Mama Kalunguyeye alizisoma barua zote mbili mbele ya ukoo. "Maneno ni yaleyale," alisema. "Mmoja wenu ni mwizi wa maandishi."

Ngedere akacheka. "Mama mkwe, maneno yanaibwaje na mwenyewe bado anayo?"

"Ukwe bado, mwanangu. Kinachoibwa ni haki ya kusema, 'Haya nimeyatunga mimi.' Barua inasema, 'Nitakuchimbia nyumba ya vyumba viwili kwa mikono yangu.' Basi aliyeyatunga na achimbe."

Ngedere alikwaruza ardhi kidogo, akapuliza kucha zake. "Hilo la kuchimba," alisema, "sikulisoma vizuri."

"Uliandika bila kusoma?" binti aliuliza, na ukoo mzima ukaangua kicheko.

Wakati huo Nungunungu alikuwa ameshazama ardhini, inaonekana miiba tu. Sauti yake ikatoka shimoni bila haya hata kidogo: "Mlango tuuelekeze wapi, bibie?"

"Mashariki," binti alijibu, akajifunga kanga kiunoni ashuke kumsaidia.