Mlima wa Ghorofa Tisa

Gaudence alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kupanda ngazi kwa soksi. Ghorofa moja juu yake, Mzee Murdo alikuwa akipanda mlima peke yake.

Ndivyo alivyosema mwenyewe: peke yake. Kwao Scotland, mwishoni mwa vuli, ukungu ukishuka na kulungu wakinguruma mabondeni, mwanamume wa maana hupanda bila kushikwa mkono na mtu. Sasa alikuwa na miaka themanini na mitatu na aliishi Houston, mji ulio tambarare kama meza. Mlima wake ukawa ngazi za jengo la wazee, ghorofa tisa, ambazo hakuna mwingine aliyezigusa maadamu lifti ipo. Kila asubuhi ya Novemba hiyo ya 2018 alivaa buti na kofia ya sufu, ndani ya jengo joto la kumtoa mtu jasho akiwa ameketi, akaning'iniza filimbi shingoni na kuondoka.

"Ukinifuata," alimwonya Gaudence, mtunzaji wake, siku ya kwanza, "nakaa kwenye kiti hiki na sili."

Asingekula kweli, Gaudence alimjua. Lakini binti wa mzee, aliyekuwa akiishi Dallas, naye alikuwa amesema lake: baba akianguka hata mara moja, Gaudence atafute kazi nyingine. Na hiyo kazi nyingine aliijua. Ni ile ya ghala, zamu ya usiku, miaka minne ya kubeba masanduku, mpaka mwanawe Keza akawa anamwona Jumapili tu kule Sharpstown walikopanga. Huko hakuwa tayari kurudi. Kwa hiyo alimfuata mzee kwa soksi.

Haikuwa raha. Gaudence alizaliwa Burundi, ambako ukimuuliza mtu kwao ni wapi anakutajia kilima, na vilima alikwisha kuvipanda vya kumtosha, ndoo ikiwa kichwani. Kupanda bila shida yoyote inayokungoja juu aliona ni wazimu wa Wazungu. Hata daktari wake mwenyewe, mwezi wa nane, alipomwambia atembee ili presha ishuke, alimcheka. Vidonge alivimeza jikoni kwa mzee. Mzee alipouliza ni vya nini, akamwambia ni vitamini.

Mzee alikuwa na taratibu zake za milimani. Kabla ya kuondoka aliandika karatasi, anapita wapi na atarudi saa ngapi, akaitia kwenye bahasha na kumkabidhi Mwita, Mkenya wa mapokezi, aifungue endapo tu amechelewa. Ghorofa ya tano aliacha chupa ya maji kwa ajili ya mtembezi yeyote atakayekuja nyuma. Gaudence aliinywa yote kila siku, na mzee hakuwahi kuuliza chupa zinakwenda wapi. Filimbi nayo ilikuwa na sheria yake: ikilia mara sita, mlimani kuna mtu wa kutafutwa.

Wiki ya kwanza kamba za buti zilimfungukia mzee ghorofa ya tatu. Akainama kuzifunga, akakohoa, akapiga mluzi wimbo mzima. Gaudence, huku chini, alimshukuru Mungu, maana moyo ulitaka kumtoka. Wiki ya pili kamba zilifunguka ghorofa ya tano. Wiki ya tatu, ya saba. Mzee anapata nguvu, Gaudence alijisemea, akaona fahari kidogo, kwa kuwa uji aliupika yeye.

Mzee akigeuka kushuka, yeye alikimbilia lifti. Buti zilipofika chini alikuwa ameketi mapokezi, viatu miguuni, gazeti mkononi.

"Umerudi salama, mzee?"

"Salama. Sikukutana na mtu."

Mwita aliinamia meza asionekane anacheka. "Mama Keza," alimwambia siku moja mzee alipokwisha kupita, "wewe uta-collapse huko juu, halafu ni mimi nita-call ambulance."

"Bora nianguke mimi, mzee asianguke," akamjibu.

Ijumaa ya wiki ya nne, akiwa ghorofa ya sita, simu yake ilitetemeka. Alikuwa Mwita. Binti wa mzee amepiga mapokezi, anataka kuongea naye sasa hivi. Gaudence akaingia kwenye lifti, akashuka, akapokea simu na kusema kwamba baba anasoma gazeti. Binti alikuwa na maneno mengi. Aliuliza dawa, akauliza usingizi, akauliza choo.

Alipokata simu ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Saa tano ikafika. Zikapita dakika kumi. Mlango wa ngazi haukufunguka.

Ndipo filimbi ilipolia huko juu. Gaudence alihesabu mpaka sita. Kimya. Kisha sita tena.

Hakuwa amemwacha hata nusu saa. Aliliona ghala, akamwona Keza akila peke yake, halafu akamwona mzee amelala kwenye ngazi na kofia yake ya sufu, na habari za ghala zikamtoka kabisa.

"Fungua hiyo bahasha, Mwita. Tujue pa kumtafuta."

Mwita aliichana, akasoma kimya, akamtazama Gaudence, akasoma tena.

"Soma basi. Yuko ghorofa ya ngapi?"

Mwita akasoma polepole, akigeuza Kiingereza cha mzee kuwa Kiswahili:

"'Njia: chini mpaka juu. Kurudi: saa tano. Watembezi: wawili. Wa pili ni mwanamke mwenye presha, hataki kutembea akiambiwa, kwa hiyo hupanda nyuma yangu kwa soksi. Mkisikia filimbi, mimi ni mzima. Nimempoteza yeye.'"