Nyota ya Mzee Shekue

Mzee Shekue, mkuu wa maabara, aliisukuma fomu ya kuidhinisha vipimo mezani mpaka ikagusa mkono wa Namkunda. Keshokutwa setilaiti ingerushwa, na jicho lake la kupimia joto la anga lilikuwa limesawazishwa kwa nyota moja tu, ile ambayo Mzee mwenyewe, enzi za ujana wake, aliandika kwamba joto lake halibadiliki.

"Gonga muhuri wako, binti yangu. Nyota hii tunaitegemea mwaka wa thelathini sasa."

"Nimeipima miezi kumi na minne, Mzee. Joto lake linapwa na kujaa. Tukiifuata, jicho litaona moto pasipo na moto."

"Umesahau nani alikuleta hapa?"

"Sijasahau. Shikamoo yako utaipata kila asubuhi. Muhuri, hapana."

Kila mpimaji alikuwa na muhuri wenye jina lake. Namkunda aliutoa wa kwake mfukoni, akaupangusa kwa ncha ya mtandio mpaka wino wote ukatoka, akauweka juu ya fomu, kisha akarudi kwenye vipimo vyake.

Mzee aliunyakua, akaugandamiza kwa nguvu zake zote. Alipouinua, karatasi ilikuwa nyeupe vilevile. Akaupulizia pumzi, akaugandamiza tena.