Kufuli la Kambale

Kufuli la Kambale lilikuwa bado kwenye swichi ya mtambo wa kuchanganyia sabuni, pale alipolifunga Jumamosi kabla ya kuingia ndani kubadilisha beringi. Jioni ile alitoka bila kulifungua, na lori alilopanda lilipinduka katika njia ya Iga Barrière. Jana walimzika, na ufunguo wake haukuonekana.

Injinia alimkabidhi mwanagenzi mkasi wa kukatia chuma.

"Kata, mutoto yangu. Mufu hafunge mashini. Mafuta iko inaganda."

Binti huyo, aliyefundishwa kazi na Kambale kwa miezi saba, alitazama jina lililokwaruzwa kwa msumari kwenye shaba, na mahali palipong'aa kwa kushikwa na kidole gumba. Hakuona uchungu wala hofu. Aliona tu kwamba mkasi ni mzito.

"Kadena ya mutu hauguse," Kambale alizoea kumwambia, akishika kufuli lake. "Pengine mwenyewe iko ndani ya mashini. Unamuita jina mara tatu. Kama hajajibu na kinywa yake, unangoja, hata patron, mukubwa wetu, akasirike."

"Sasa unangoja nini?" injinia akauliza.

Akakata. Kufuli likaanguka sakafuni. Wafanyakazi wakarudi nyuma hatua moja, kama ilivyo desturi kabla ya kuwasha mtambo, naye akaushika mpini wa swichi.

"Kambale!" akaita.

Hakuna aliyecheka. Injinia akavua kofia yake.

"Kambale!" akaita tena, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka.

Akaita mara ya tatu, akaondoa mkono kwenye swichi, akangoja.