Posa ya Kila Ijumaa

Chester alipiga goti tena, pale pale karibu na sinia la kabichi, mkononi kashika duara la kitunguu cha kukaanga kana kwamba ni pete ya almasi.

"Loretta Sobczak," alisema, "najua utakachosema, lakini nauliza. Utakubali nikuoe?"

Ukumbi mzima wa kanisa, uma zikabaki hewani. Kila Ijumaa watu wa parokia walikuja kula samaki, na kila Ijumaa walipata na sinema ya bure.

"Hapana, Chester. Hebu inuka, utagandia hapo chini."

Chester akashusha pumzi ndefu, akainuka, akakitafuna kile kitunguu, kisha akarudi kwa samaki wake akipiga mluzi.

"Una moyo wa jiwe wewe!" Bernice, dada yake Loretta, alimnong'oneza. "Mwaka wa tatu huu! Tangu mkewe, mwalimu Arlene, afariki, maskini mwanaume wa watu analala na redio. Anajua kupika, anajua kutengeneza saa, na meno yote mdomoni ni yake. Unamngoja nani, malaika Gabrieli?"

"Kula samaki wako, dada."

Loretta hakuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa na goti bovu. Na mkobani mwake alikuwa na kadi ya bima ya marehemu mumewe Ray, aliyekitumikia kiwanda cha karatasi mpaka akastaafu. Loretta alipokwenda kwa daktari, Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, ndiyo iliyolipa kwanza. Kisha bima ya kiwanda ikaja nyuma yake na kumaliza kilichobaki, kama mtoto anayefuta sahani kwa mkate. Yeye mwenyewe hakuachiwa hata tone la mchuzi. Na lile goti lilikuwa libadilishwe kwa upasuaji theluji ikiisha.

Aliwahi kupiga simu ofisi ya wastaafu wa kiwanda, akijifanya anamuulizia rafiki.

"Huyo rafiki yako mjane akiolewa tena," binti wa simu alimwambia, "tunampa hongera, na siku hiyo hiyo kadi yetu inakufa. Anabaki na Medicare peke yake. Moja ya tano ya bili za daktari atatafuta mwenyewe pa kuitoa."

"Na ndoa ikivunjika?"

"Kadi haifufuki, mama."

Basi akawa anakataa. Angemwambiaje mwanaume mwema vile kwamba ameshindwa na kipande cha plastiki cha marehemu? Afadhali aonekane mkorofi. Usiku aliitoa kadi ile, akaiambia, "Ray, ulikuwa na wivu ungali hai, na hata huko uliko hujaacha." Kilichomliza zaidi ni upole wa Chester. Hakununa hata mara moja. Kila alipokataliwa alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Januari, Chester aliteleza kwenye barafu mbele ya duka lake dogo la saa, alilolifungua akiwa kijana na kulifunga mwenyewe akizeeka. Mguu ukavunjika. Loretta alimkimbiza hospitali kwa gari lake, akiendesha huku akilia na kumgombeza.

Mapokezini, karani aliisoma kadi ya bima ya Chester, akamtazama Chester usoni, akaisoma tena.

"Samahani mzee, hii mbona..."

"Ndiyo hiyo hiyo, binti," Chester alidakia, akaifunika kwa kiganja. "Pitisha tu. Inakubali."

Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu. "Wewe ndiye mkewe?"

"Hapana," Loretta alisema, na kwa mara ya kwanza neno lile lilimuuma.

"Basi subiri hapa nje, mama. Ndani tunaingiza jamaa tu."

Akabaki kwenye benchi, kiatu kimoja cha Chester mapajani, kimelowa theluji. Kila mlango ulipofunguka alisimama, na kila aliposimama goti lilimchoma. Hapo ndipo alipokata shauri. Goti jipya la nini, kama litamfikisha mlangoni tu?

Ijumaa iliyofuata Chester aliingia ukumbini kwa magongo. Watu walidhani leo atapumzika. Wapi! Alichagua duara la kitunguu, Bernice akamshika mkanda kwa nyuma, na mzee akateremka taratibu, mguu wenye plasta umenyooka mbele kama mzinga.

"Loretta Sobczak, najua utakachosema, lakini..."

"Ndiyo."

Kitunguu kilianguka ndani ya kabichi.

"Ndiyo... nini?"

"Ndiyo, nioe!" Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nisamehe, Chester. Nilikuwa nakataa kwa ajili ya kadi ya Ray. Nikiolewa inakufa. Basi na ife! Goti nitalifunga kitambaa."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Bernice alipiga vigelegele, akausahau ule mkanda. Chester aliketi sakafuni pu! Uso ukawa mweupe kuliko theluji ya nje. Mkono wake uliingia mfuko wa shati, upande wa moyo, na Loretta akanyoosha kidole tayari, akijua kwamba hatimaye pete yenyewe inatoka.

Kilichotoka ni kadi ya bima ya walimu wastaafu, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Arlene.

"Na hii inakufa siku nikioa," Chester alisema kwa sauti ndogo. "Loretta mpenzi wangu, miaka yote hii nimekuposa kwa moyo wangu wote kwa sababu nilikuwa na hakika utakataa."