Majonzi ya Aikande

Siku hizi aliyefiwa hakai matanga. Huzuni yake hubebwa na watawa wa Kibudha, naye hurudi kazini kesho yake. Ndiyo maana Ndeshi, aliyefiwa na mwanawe Aikande, alikuwa akipika kiburu cha ndizi na maharage huku anaimba.

Kila asubuhi mtawa Sumana alipita, kichwa kimenyolewa, miguu mitupu, bakuli mkononi. Watawa hawa hawaombi chakula. Alisimama tu mlangoni, machozi yakimchuruzika, akingoja atakachopewa.

Leo Ndeshi hakupakua.

"Mama mtawa, unamlilia mwanangu?"

"Ndiye. Kicheko chake hasa."

"Mimi nimebaki na jina tu. Nirudishie majonzi yangu."

"Ni mzigo mzito, binti yangu."

"Nilimbeba tumboni, mama. Na huu nitaubeba."

Mtawa akamshika mikono. Ndeshi akaanguka kizingitini akilia kwa sauti, na ndani ya kilio akakisikia kile kicheko, chote.

Mumewe akatoka na kikombe cha chai, uso mkunjufu.

"We mama Aikande, unalia nini? Si yalishachukuliwa?"

"Namlilia mtoto wetu, baba Aikande."

"Aa, yule," akasema, akapuliza chai yake.