Mpaka Mkaguzi Afike

Kikombe cha chai kilikuwa bado juu ya meza, kimejaa maji ya mvua hadi mdomoni, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa.

Wala kiti kilichokuwa mbele yake. Wala miwani iliyolazwa juu ya gazeti, gazeti lenyewe limelowa na kukauka mpaka limekakamaa kama ubao. Wala ndala zilizoachwa chini ya meza, moja imepinduka. Juu ya vitu hivyo hapakuwa na paa. Palikuwa na mbingu, na mkaratusi wa jirani uliojilaza juu ya ukuta kama mlevi aliyekosa njia ya kwake.

"Dada," alisema kaka mtu, "hata panya wa nyumba hii wamehama. Wewe unangoja nini?"

"Mkaguzi wa bima. Wamesema tusiguse kitu mpaka afike aone mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Kampuni ya bima iliwaambia hivyo kwenye simu tangu siku ya kwanza, na dada mtu alilishika agizo hilo kama sala. Cherehani yake aliihamishia chumbani, wateja akawa anawapimia kwenye korido. Mawingu yakianza kukusanyika, aliacha sindano hewani akakimbia na turubai kwenda kufunika meza na kiti.

"Unafunika kiti, kitanda chako kinalowa!"

"Kitanda si ushahidi."

Kaka mtu alicheka, kwa kuwa wacheshi walikuwa wamepungua nyumbani humo na lazima mmoja abaki. Mtaani walimwita Spika, kwa sauti yake. Alikuwa dalali wa mnada, muuzaji wa makochi na makabati ya watu waliohama au waliofilisika, na kwa mazoea hakuingia chumba chochote bila kukitia bei kimoyomoyo. Sebule hii ilimshinda.

Hapo ndipo shemeji yake alipokuwa akinywa chai upepo ulipoanza kuvuma. Alivua miwani, akavaa viatu vya mvua, akasema, "Natoka kidogo, nikaangalie ule mti." Mti ulimkuta uani, kisha ukaja kumalizia paa. Walimzika matope hayajakauka.

Miezi ikapita. Ukuta wa sebule ulianza kuinama, na fundi mwashi aliyeuwekea mkono kuupima aliruka nyuma kama aliyeguswa na umeme.

"Mvua kubwa zikirudi haujajengwa upya, huu unaanguka," alisema, "na chumba anacholala mama kinaufuata. Bima walipe haraka, au ahame."

Kuhama, dada mtu hakutaka hata kusikia. Na mvua kubwa hazikuwa mbali.

"Bima wamepiga simu?" Spika aliuliza kila alipokuja.

"Wamepiga." Simu za bima dada mtu alikuwa akizipokelea nje, getini. "Wana kazi nyingi, maskini. Tuvumilie."

"Maskini? Wao? Dada, wewe ukiibiwa utamsindikiza mwizi kwa mwavuli!"

Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia Spika. Aliingia ofisi za bima na sauti ile ile ya mnadani, mlinzi akaacha kusinzia.

"Ada zetu mnazipokea jua na mvua! Tukipata janga, mnasahau njia ya kwetu! Dada yangu analala nyuma ya ukuta unaoanguka. Huyo mkaguzi wenu yuko wapi?"

"Mzee, mkaguzi alishatumwa," dada wa mapokezi alianza.

"Kutumwa si kufika! Hata mimi nilitumwa shule."

Foleni nzima ikacheka. Kwenye kona aliinuka kijana mwembamba mwenye kofia ngumu kwapani.

"Mkaguzi ni mimi, mzee. Labda nilielekezwa vibaya. Nipeleke mwenyewe."

Spika alimshika mkono kama anavyomshika mtu aliyeshinda mnada akataka kutoroka bila kulipa. Njia nzima alimhubiria: ada, paa, ukuta, mjomba wake aliyezungushwa na bima nyingine hadi akaota mvi. Kijana aliitikia, "Naam, mzee. Pole, mzee." Walipokata kona ya duka la vipuri, akaacha kuitikia.

Getini akasimama kabisa.

"Ingia basi! Ukuta haung'ati."

"Mzee, hapa nimeshafika." Kijana alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi. "Si mara moja."

"Ukakuta pamefungwa?"

"Hapana. Kuna mama hunipa maji ya kunywa. Tunazungumza vizuri tu, kisha huniomba nirudi siku nyingine."

Spika aligeuka kuitazama nyumba.

Mlango ukafunguka. Dada yake alitoka na tepu ya kupimia shingoni, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, mpaka ukaingia komeo. Hakumtazama kaka yake.

"Karibu tena, mwanangu," alimwambia mkaguzi. "Mwenye nyumba katoka kidogo tu. Chai yake ipo mezani."